Mzee Likwata na Ngazi Kumi na Moja

Toka Kilwa Kivinje mpaka Mtama hakuna kijana wa kunishinda kuandika, na asiyeamini aje na kalamu yake. Mimi ni Romani wa Ukumbi wa Umoja. Nimesoma mpaka darasa la tano, na wanaosema nililikimbia darasa hilo ni waongo, lenyewe ndilo lililoishiwa na mambo ya kunifundisha. Sauti yangu inafika bandarini bila kipaza sauti. Mwandiko wangu karani wa wilaya aliutazama mara moja akavua miwani. Na kwa kupiga randa, katika mkoa huu mzima amebaki mtu mmoja tu wa kunizidi. Mtu huyo ndiye tunayemuaga leo, kwa hiyo kuanzia kesho asubuhi wa kwanza ni mimi.

Basi tuanze kwa heshima. Mzee Abdurahmani Likwata, fundi seremala na mshika funguo wa Ukumbi wa Umoja, Lindi, anastaafu leo, tarehe 30 Juni 1976, baada ya kulitumikia jengo hili miaka ishirini na minne kamili. Katika miaka hiyo ameugua siku tisa, amechelewa mara moja, na amegombana na kila ofisa aliyewahi kukalia kiti cha ofisi ile ya mbele. Viti vyenyewe alivitengeneza yeye, kwa hiyo alikuwa na haki.

Wiki mbili zilizopita Ndugu Eusebio, Afisa Utamaduni wetu, alimwita ofisini kumwuliza anataka zawadi gani ya kuagwa. Kamati ilikuwa na baiskeli mawazoni, au redio. Mzee akachomoa penseli sikioni, akajikuna nayo kidevu, akasema, "Namtaka Mboni aimbe ndani."

"Mzee Likwata, hiyo haiuzwi dukani," akasema Ndugu Eusebio.

"Ndiyo maana naiomba kamati. Ingekuwa inauzwa ningejinunulia."

Kwa wageni mliotoka mbali, Bi Mboni wa Mtanda ndiye mwimbaji mkubwa kuliko wote tulio nao. Miguu yake ilikauka akiwa mtoto kwa homa ya kupooza, na tangu hapo anakwenda kwa mikono. Kwa miaka miwili sasa hajaingia humu. Ngoma ikilia anakuja, anakaa mchangani chini ya dirisha la upande wa soko, anaitikia kutoka huko. Sababu mnaijua, au mnadhani mnaijua. Nitaifikia. Msiniharakishe, maana wasifu ni kama ubao, ukiukimbilia unapasuka.

Mzee Likwata ni mzaliwa wa Kilangala, nyumba ya wakulima wa muhogo na mikorosho. Useremala alifundishwa na mjomba wake, aliyekuwa akimpiga kwa fito kila alipopinda msumari. Misumari aliyopinda mwenyewe anasema ni mingi kuliko aliyopigilia, lakini fito zilikwisha, na mwaka 1952 akaletwa mjini kutengeneza viti vya ukumbi huu. Enzi hizo viti vilikaliwa na wakubwa, na fundi aliingia kwa mlango wa nyuma na kutoka kwa mlango wa nyuma. Yeye mwenyewe hunisimulia kwamba alikaa humu miaka tisa bila kujua ngazi za mbele ni ngapi, kwa kuwa hakuwahi kuruhusiwa kuzipanda.

Alizihesabu siku ya pili ya Uhuru. Mji mzima ulikuja kucheza ngoma humu, waliovaa viatu na wasio navyo. Mzee alikuwa pembeni anaiunga meza iliyovunjwa na furaha ya watu. Akagundua kitu. Akina mama waliokuwa wakiimba ndani walikuwa wakipotea, wengine mbele, wengine nyuma, na kila walipopotea palikuwa na sauti moja nyembamba inayowarudisha njiani. Akawatazama mmoja mmoja. Sauti haikuwa ya yeyote kati yao. Akatoa kichwa dirishani, na pale chini akaona binti wa miaka kumi na mitatu amekaa mchangani, mikononi kavaa katambuga za matairi kama wengine wanavyovaa miguuni, anawaimbisha watu ambao hata hawajui kama yupo.

"Mwanangu, mbona hupandi?" akamwuliza.

"Shikamoo. Nipande vipi, baba?"

"Marahaba. Si watakubeba?"

"Nimebebwa mpaka mwaka jana. Nikibebwa, watu wanamwangalia anayenibeba, wanampa pole. Mimi wanakuwa kama hawanioni. Bora nikae huku, wanisikie."

Mzee akatoka kwa mlango wa mbele, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akashuka anahesabu. Kumi na moja. Anasema ngazi ile ya mwisho aliihesabu mara mbili, kwa kuwa hakuamini kwamba kitu kidogo hivyo kinaweza kumweka mtu nje ya nchi yake siku moja tu baada ya kuipata.

Wengine wangetoa hotuba. Yeye alirudi na msumeno. Mwezi uliofuata alilikata dirisha lile likashuka mpaka sakafuni, likamkaribia mtu aliyekaa chini, ili sauti iingie vizuri. Alipoulizwa na ofisa wa wakati huo ni nani aliyemruhusu kutoboa mali ya serikali, alijibu kwamba mchwa walishaanza, yeye amewamalizia tu. Huo ndio uongo pekee niliowahi kusikia kuwa ameusema. Mtaona kwa nini nautaja.

Mteremko wenyewe wa kupandia ulimchukua miaka kumi kuuombea. Maofisa walikuja, maofisa walikwenda, na jibu lilikuwa moja: huu ni ukumbi wa utamaduni, si hospitali. Ndugu Eusebio naye, na atanisamehe kwa kuwa leo ni siku ya kusema yote, alimjibu hivyo hivyo alipohamia mwaka 1971.

"Hospitalini wanaingia, Ndugu Eusebio," akasema Mzee. "Ni hapa ndipo hawaingii."

"Lakini hawa wasiojiweza, Mzee, hata tukiwajengea, wata..."

"Asiyejiweza ni huu ukumbi. Una miaka yote hii umeshindwa kushuka ngazi kumi na moja kumfuata mtu."

Ndugu Eusebio alikuwa ametoka kuandikisha ukutani, juu ya mlango, kwa herufi nyekundu kubwa, kwamba binadamu wote ni sawa. Alijivunia sana maandishi yale. Mzee akamshika mkono kwa adabu, akamshusha mpaka chini, akamkalisha mchangani pale anapokaa Mboni, akamwambia, "Soma." Jua lilikuwa usoni, na ukingo wa paa la baraza ulikuwa umekata nusu ya juu ya kila herufi. Ndugu Eusebio akakaza macho, akapindua shingo, akainuka anajipangusa mchanga. Kesho yake mbao zikaagizwa. Na nimpe haki yake, tangu siku hiyo neno "wasiojiweza" halijatoka tena kinywani mwake, wala hajamruhusu mtu kulitumia humu.

Hapo ndipo nilipoingia mimi, nikiwa kibarua wa kutwa, na kazi ikaanza kuchangamka.

Mteremko wa kwanza ulikuwa mfupi. Nilishauri mimi, kwa kuwa sikuona sababu ya kumaliza mbao. Ulinyooka kutoka mlangoni mpaka chini kama ulimi wa mbwa. Mzee hakubisha. Alileta toroli, akaniambia nipande, akanisukuma mpaka katikati, akasema mkono umemchoka, akaachia. Nilirudi kinyumenyume, nikavuka njia, nikaingia kwenye meza ya muuza kahawa na vikombe vyake vyote. Watu wa soko walicheka siku tatu. Mzee alisimama juu kule anaandika kwenye kibao, akaniuliza, "Umeumia?" Nikasema hapana. "Basi sasa tumejua," akasema, na mbao zote zikang'olewa.

Wa pili ndio huu mliopandia leo, hatua thelathini na nne, unakunja kona moja, na pale konani pana kibaraza cha kupumzikia. Watu husema Mzee Likwata ni fundi wa vipimo. Si kweli, vipimo vyangu ni vizuri zaidi. Alichonizidi ni kwamba kila kitu alikipima kwa mwili wake. Alifunga miguu yake pamoja kwa kilemba, saa nne asubuhi, soko limejaa, mtu mzima mwenye wajukuu, akaupanda mteremko kwa viganja. Akina mama wakaacha kununua samaki. Mmoja akapiga kelele, "Jamani, Mzee Likwata kapatwa na nini?" Yeye akaendelea kupanda, na kila kiganja kilipochomwa na kibanzi alisimama akaweka alama ya chaki. Kisha akashuka na randa. Alifanya hivyo siku tano, mpaka mbao zikawa laini kama ubao wa chuoni.

Na hapo akatunga sheria yake maarufu. Humu ndani wengi tunakalia mikeka, viti ni vya pembeni, kwa hiyo kila mtu huvua viatu mlangoni. Mzee akahamishia pa kuvulia chini kabisa, kwenye ngazi na kwenye mteremko pia. Alisema ukumbi unaanzia pale chini, na Mboni akivua katambuga zake za mikono pale anapovua kila mtu, basi ameingia kama kila mtu.

Siku ya kwanza Mboni alifika, akavua katambuga, akazipanga vizuri kando ya viatu vya wengine, akamtazama Mzee.

"Umepita?"

"Nimepita."

"Kwa mikono?"

"Kwa mikono."

"Basi na mimi napita."

Ikawa ndiyo desturi yao. Kila alipokuja aliuliza, kila alipouliza alijibiwa, kama salamu na kiitikio chake. Sisi tuliokuwepo tulikuwa tunaigiza nyuma yao, umepita, nimepita, tunacheka. Tulikuwa wajinga. Yale hayakuwa maneno ya kuchezea.

Sitamaliza mengine yote aliyoyafanya, karatasi haitoshi na mashine ya kurudufia imeanza kuvuja wino. Lakini kamba niitaje. Aliisuka mwenyewe kwa makumbi ya nazi, akaizungusha ukutani kwa ajili ya wasioona, fundo moja ni mlango, mafundo mawili ni safu ya viti, matatu ni njia ya chooni. Kabla ya kuifunga alijifunga kitambaa machoni akakaa nacho kutwa nzima, na jioni akawa na uvimbe mwekundu kwenye paji la uso. Mzee Nikodemo, mpiga zumari wetu asiyeona, aliipapasa kamba mpaka mwisho akasema, "Fundi, umesahau fundo moja. La kumkwepa Romani." Mzee Likwata akamwambia fundo hilo halihitajiki, harufu inatosha. Nilikuwa nimejipaka samli kichwani siku hiyo kwa ajili ya binti mmoja. Sitasema zaidi.

Halafu lile jukwaa la mninga mbele ya ngoma, ambapo wasiosikia hukaa miguu pekupeku, ngoma ikawapanda kupitia unyayo. Scholastica wa Kilangala, asiyesikia tangu kuzaliwa, hucheza pale bila kupoteza hata pigo moja. Mimi, mwenye masikio mawili mazuri kabisa, nimewahi kuambiwa nitoke kwenye mstari ili nisimharibie.

Na safari za vijijini. Kule Kiswere tulipeleka ngoma uwanja mtupu wa mchanga, na mikono ya mtu huzama mchangani kama miguu ya ng'ombe matopeni. Mzee alishuka kwenye lori na mafungu ya makuti yaliyosukwa, akayatandika njia nzima toka lorini mpaka uwanjani. Watu wa Kiswere wakauliza ni mfalme gani anayekuja. Aliposhuka Mboni wakanyamaza. Alipoimba wakaacha kunyamaza. Na tulipoondoka walituomba makuti tuyaache, kwa kuwa bibi zao nao walikuwa wamegundua kwamba wanaweza kufika ngomani.

Sasa nifike pale nilipoahidi.

Sikukuu ya Saba Saba ya mwaka 1974 palikuwa na mashindano humu. Makundi yalikuja kutoka Kilwa, kutoka Nachingwea, na wageni kutoka Dar es Salaam waliokuja kuchagua kundi la kwenda kucheza huko. Mnajua desturi ya ngoma zetu: kiongozi wa waimbaji huingia uwanjani peke yake, ngoma zimenyamaza zinamsubiri, na akishafika ndipo zinapopasuka. Kiongozi habebwi. Kiongozi aliyebebwa ameshindwa kabla ya kufungua kinywa, na kundi lake nalo. Kiongozi wa Mtanda alikuwa Mboni. Kwa mara ya kwanza katika historia ya mkoa huu, mtu anayekwenda kwa mikono aliongoza kundi katika mashindano, na ukumbi wote ulikuwa umejaa watu waliokuja kuona ataingiaje.

Mzee alikuwa ameondoka Ijumaa asubuhi kwenda Kilangala kufuata mbao za viti. Lori likaharibika njiani. Alifika Jumapili, shati limejaa vumbi, ngoma zimeshaanza. Mboni alikuwa pale chini amevua katambuga, anamtafuta kwa macho.

"Umepita, baba?"

"Nimepita, mwanangu. Panda."

Alhamisi alikuwa amepita.

Mboni akapanda. Viganja vyake, vilivyo wazi, vikapiga kila ubao, hatua zote thelathini na nne. Akaingia peke yake, mgongo umenyooka, ukumbi kimya kabisa, ngoma zikapasuka, na aliyekuwepo siku ile hahitaji mimi kumwambia. Aliimba kama mtu anayelipua kitu. Katikati ya wimbo akaanza kupangusa viganja, mara kwenye kanga, mara kimoja juu ya kingine, kwa mapigo ya ngoma. Watu wakashangilia. Wasichana wa Kilwa wakaudaka mtindo ule pale pale, wakarudi nao kwao alfajiri, na nasikia mpaka leo wanaucheza, wanauita wa Lindi. Ndiyo sababu najua kwamba watu wa Kilwa hawakuwahi kuambiwa.

Ule haukuwa mtindo. Mteremko ulikuwa umepakwa mafuta ya maganda ya korosho, yale meusi tunayoyapaka kwenye nguzo dhidi ya mchwa. Kila mtoto wa huku anajua yanavyokula ngozi. Kwa unyayo wa mkulima si neno. Kwa kiganja ni moto. Yakikauka juu yanang'aa vizuri kama kiatu cha mgeni rasmi, na chini yake yanabaki mabichi.

Mtanda walishinda. Hawakwenda Dar es Salaam. Usiku ule ule viganja vya Mboni vilivimba, kesho yake ngozi ikavuka. Mimi nikiungua mkono natembea. Yeye mikono ndiyo miguu. Miezi mitatu alikaa ndani ya chumba kimoja, akisogezwa na mama yake kama chungu, yeye ambaye hakutaka kubebwa hata siku ya Uhuru.

Kamati ilikaa. Ndugu Eusebio akauliza nani amepaka.

"Mteremko ni wangu," akasema Mzee.

"Hatuulizi hilo, Mzee. Tunauliza umepaka wewe?"

"Mteremko ni wangu, Ndugu Eusebio. Na niliulizwa kama nimepita, nikasema nimepita. Andika hivyo."

Wakaandika. Ikatoka barua ya onyo kali, ikaingia kwenye jalada lake, na cheo cha Fundi Mkuu alichokuwa akipewa mwezi ule akapewa mtu mwingine wa wilaya nyingine. Hakulalamika. Miezi ile mitatu kila alipotoka kazini alipita Mtanda na ndoo mbili za maji kwa mama yake Mboni, anaziweka mlangoni, anabisha hodi, anaondoka bila kungoja kuitikiwa. Mboni alipopona alirudi, lakini alirudi dirishani. Nilimsikia akimwambia mama mmoja, bila hasira hata kidogo, na ndivyo inavyouma zaidi, "Bora ngazi, hazikuwahi kuniambia zimepita."

Kwa hiyo mjue mnamuaga nani. Mnamuaga mtu ambaye ana vibanzi vya miteremko ya nusu ya mkoa huu viganjani mwake. Mtu aliyenifundisha timazi, patasi na kufunga mdomo, na katika hayo matatu nimefaulu mawili. Mzee wetu, umetufanyia kazi kwa mikono yako na wakati mwingine kwa kuitambalia. Asante. Rudi Kilangala ukapumzike, mikorosho ikuzalie, wajukuu wakuchoshe kwa maswali, na kila mlango utakaoufikia uzeeni uwe umekutangulia kushuka chini kukupokea. Baiskeli utapewa, Ndugu Eusebio ameinunua hata hivyo.

Zawadi uliyoiomba ndiyo iliyobaki, na hiyo kamati haina. Ninayo mimi.

Karatasi hii nimeirudufu mwenyewe, na aya zinazofuata Ndugu Eusebio hakuzisoma kwenye rasimu, anazisikia sasa pamoja nanyi. Naisoma kwa sauti yangu ile ile niliyojisifia, na dirisha la upande wa soko nimelifungua mpaka mwisho. Funguo za ukumbi, ambazo leo nilikuwa nikabidhiwe, ziko mezani. Kamati izifanyie inavyoona.

Bi Mboni, najua uko hapo chini. Mbao zote za zamani nimeziondoa, nimeweka mpya, nimezipiga randa na sikuzipaka kitu. Jana nimepita. Leo asubuhi nimepita tena, miguu imefungwa, kwa viganja, watu wa soko wameniona na wamenicheka kama kawaida yao.

Mwaka ule, kabla ya kwenda Kilangala, Mzee aliniachia neno moja: osha mteremko kwa maji na mchanga, halafu uuache. Mimi nikaona najua zaidi. Nilitaka wageni wa Dar es Salaam waulize nani aliyeung'arisha. Mzee alipoliona debe la mafuta nyuma ya stoo alijua. Nilikuwa kibarua, barua moja ingenifukuza, akaniambia, "Mimi itanikwaruza tu. Shika randa." Nikaishika, miaka miwili, na mdomo nikaufunga, na wewe ukabaki mchangani.

Hakukudanganya, Bi Mboni. Alhamisi alipita, kwa mikono, na mbao zilikuwa safi. Mafuta yalipakwa Ijumaa mchana, na aliyeyapaka ni mimi.